Machipuko ya Uingereza: Kumbukumbu na Daftari

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetakiwa kuyapa jina majira ya Uingereza yaliyo baina ya Machi na Mei hukwama mara moja. Masika ni jina la mvua. Demani ni jina la wakati ambapo pepo za kusi hupungua nguvu. Wala watu wa pwani hawana katika mwaka wao muda ambao miti iliyokuwa uchi miezi mingi huvaa majani yote katika majuma machache. Kwa hiyo tumekubali kusema majira ya kuchipua, au machipuko kwa ufupi, na jina hili si baya, maadam msomaji hafikiri kwamba mche ukishachipua basi baridi imekwisha.

Hata hivyo, Mswahili aliyezoea kuugawa mwaka kwa kaskazi na kusi yu karibu na ukweli wa jambo hili kuliko anavyodhani. Machipuko ya Uingereza ni kazi ya pepo. Upepo wa magharibi hutoka Bahari ya Atlantiki nao huleta mvua na hewa ya wastani. Upepo wa mashariki hupita juu ya Bahari ya Kaskazini, ambayo katika Machi ni baridi kupita nyakati karibu zote za mwaka, kwa kuwa maji hupoa polepole na kupata joto polepole. Kwa hiyo baridi huuma ijapokuwa jua limekwisha panda. Upepo wa kusini nao huleta joto la Hispania na la Afrika ya Kaskazini. Kaskazi na kusi hupishana kwa zamu inayojulikana na kila nahodha. Pepo za Uingereza hazina zamu. Ndiyo sababu Mwingereza huweza kuona jua la kiangazi na theluji katika majuma mawili yanayofuatana, na ndiyo sababu pia huzungumza habari za hewa na kila mtu anayekutana naye.

Mazungumzo hayo yamezaa aina ya historia isiyoandikwa. Kila kizazi kina machipuko yake ya kusimulia, na kila mzee ana hakika kwamba yale ya ujana wake yalikuwa makali kuliko ya sasa, au matamu kuliko ya sasa. Je, mwanahistoria aupokee ushahidi huo? Nadhani aupokee, lakini aupokee kama kadhi anavyompokea shahidi mmoja: kwa heshima, na kwa kumtafuta wa pili.

Tutazame mwaka 1947. Baridi ilianza katika juma la nne la Januari, na tangu tarehe 22 ya mwezi huo hadi tarehe 17 Machi haikupita siku ambayo theluji haikuanguka mahali fulani katika nchi. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha bila ya shida kwisha: mkate wenyewe ulikuwa ukigawiwa kwa kipimo tangu Julai 1946. Makaa ya mawe yalikwama njiani, umeme ukakatwa viwandani na majumbani, na Waziri wa Nishati, Emanuel Shinwell, akalaumiwa kwa yote. Kisha, badala ya faraja, machipuko yakaleta mafuriko. Mvua ilinyesha juu ya theluji iliyokuwa ikiyeyuka, nayo ardhi ya chini ilikuwa bado imeganda kama sakafu, haikuweza kunywa hata tone. Mto Thames, Trent na Severn ikafurika, na mashamba ya tambarare za Fens yakawa bahari. Kondoo walikufa kwa mamilioni. Mtu aliyekuwa na miaka kumi wakati ule hakuhitaji kipimajoto kukumbuka. Njaa, giza na maji vilimwandikia.

Lakini kumbukumbu haihifadhi misiba tu, huhifadhi pia vioja. Tarehe 2 Juni 1975, katika mji wa Buxton, mchezo wa kriketi baina ya Derbyshire na Lancashire ulisimamishwa kwa sababu uwanja ulifunikwa na theluji. Mwamuzi Dickie Bird alikuwapo, na kisa hicho alikisimulia kwa miaka mingi. Kwa kalenda ya wataalamu wa hewa machipuko yalikwisha tarehe 31 Mei, hivyo theluji ile ilikuwa ya kiangazi! Mwezi huo huo ukageuka kuwa wa jua kali. Lakini nani anayesimulia jua lile? Kumbukumbu hupenda mshtuko, na siku moja ya ajabu huumeza mwezi mzima wa kawaida.

Shahidi wa pili ni daftari. Gordon Manley, mtaalamu wa jiografia na hewa, alikusanya vipimo vilivyotawanyika katika madaftari ya mapadri, madaktari na waungwana wa mashambani, akavisahihisha na kuviunganisha kuwa mfululizo mmoja wa joto la Uingereza ya Kati. Aliuchapisha kwa sehemu mwaka 1953 na 1974, nao unaanza mwaka 1659. Hakuna mfululizo wa vipimajoto ulio mrefu kuliko huo duniani. Humo tunaona kwamba Mei iliyokuwa na joto kupita zote ni ile ya mwaka 1833, ambayo wastani wake ulikuwa nyuzi 15.1 za sentigredi. Tunaona pia kwamba Aprili ya mwaka 1837 ilikuwa na wastani wa nyuzi 4.7, na kwamba ni Aprili ya mwaka 1701 tu iliyolingana nayo kwa baridi. Miaka minne tu baina ya mambo hayo mawili! Mkulima mmoja, katika shamba moja, aliyaona yote. Laiti angeulizwa mwaka 1838 kama nchi inapata joto au inapoa, angejibu nini?

Hapo ndipo jambo lenye uzito wa leo linapojitokeza. Tarehe 16 Aprili 1949, Jumamosi ya Pasaka, kipimajoto cha Camden Square, London, kilifika nyuzi 29.4, na hadi mwaka 2025 hakuna siku ya Aprili iliyoipita katika Uingereza nzima. Mzee anayeikumbuka siku ile huwaambia vijana kwamba joto si jambo jipya. Asemayo ni kweli tupu. Kosa huingia anapoifanya siku moja kuwa hoja juu ya miaka mingi, kwa maana kilichobadilika si kilele tu bali sakafu. Machipuko ya mwaka 2013 yaliitwa ya ajabu kwa baridi. Machi yake ilikuwa baridi kuliko miezi ya kipupwe kikuu iliyoitangulia, na kondoo walizikwa katika theluji pamoja na wana wao. Wastani wa majira yale kwa nchi nzima ulikuwa nyuzi 6.0, na tangu mwaka 1962 hayakuwako mengine ya baridi kama hayo. Vijana walistaajabu kwa sababu walikuwa wamezoea mengine.

Mfano wa kinyume hunistaajabisha zaidi. Machipuko ya mwaka 2024 yalipokwisha, ofisi ya hali ya hewa ilitangaza kwamba yalikuwa na joto kupita yote tangu mfululizo wa nchi nzima ulipoanza mwaka 1884. Watu wengi hawakusadiki. Walikumbuka mawingu, mvua na makoti, nao hawakukumbuka vibaya, kwani joto lile lilikuja zaidi usiku, walipokuwa wamelala. Mwaka uliofuata rekodi hiyo ikavunjwa kwa wastani wa nyuzi 9.5, na safari hii jua lilikuwa jingi na mvua haba, hivyo kila mtu aliona. Miaka miwili iliyofuatana ilikuwa na joto la kuvunja rekodi. Mmoja tu ndio utakaosimuliwa.

Hata misemo ya wakulima imebeba tatizo hili. Upo usemi wa kale unaomwonya mtu asivue nguo zake nzito mpaka Mei itoke, na Waingereza hawajakubaliana kama Mei hiyo ni mwezi au ni ua la mti wa miiba uitwao kwa jina hilo hilo. Kisha mwaka 1752 kalenda ikabadilishwa na siku 11 zikaondolewa, ua lililozoea kuchanua mwanzoni mwa Mei likajikuta katikati yake. Siku hizi, kusini mwa nchi, mara nyingi huchanua Aprili.

Robert Marsham, mwenye shamba katika Stratton Strawless, Norfolk, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za machipuko: jani la kwanza la mwaloni, mlio wa kwanza wa chura, kuwasili kwa mbayuwayu kutoka asikokujua mtu wa zama zake. Dalili zake zilikuwa 27. Mwaka 1789 Jumuiya ya Kifalme ya London ilizichapisha, na jamaa zake waliendelea na kazi hiyo, kwa kukatika hapa na pale, hadi mwaka 1958. Leo maelfu ya watu wa kujitolea hufanya vivyo hivyo chini ya shirika la Woodland Trust. Katika majedwali ya Marsham hukuti neno juu ya ubaya au uzuri wa mwaka. Ni tarehe tu, mti kwa mti, ndege kwa ndege, pamoja na nafasi tupu pale ambapo mwandishi hakuona kitu.