Ekokadiografia ya umioni kwa wagonjwa wa kiharusi

Ekokadiografia ya umioni ni kipimo cha moyo kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa masikio ya binadamu. Katika kipimo cha kawaida kifaa huwekwa juu ya kifua. Katika hiki, mrija unaopindika wenye kifaa kwenye ncha yake hupitishwa mdomoni hadi kwenye umio, ambao uko nyuma ya moyo.

Matumizi

Baadhi ya viharusi husababishwa na donge la damu lililotoka moyoni na kuziba mshipa wa ubongo. Kipimo hiki huonyesha vizuri donge lililo katika kifuko cha chumba cha juu cha kushoto, tundu kati ya vyumba vya juu, au maambukizi ya vali.

Usalama

Kwa jumla kipimo hiki ni salama. Katika utafiti wa vituo 15 vya Ulaya uliochapishwa mwaka 1991, kati ya vipimo 10,419 alifariki mgonjwa 1, kwa kutokwa na damu.

Hata hivyo mgonjwa wa kiharusi anahitaji tahadhari zaidi. Wengi hupata shida ya kumeza, hivyo mate au matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Dawa za kutuliza zinaweza kudhoofisha upumuaji na kushusha shinikizo la damu. Kwa hiyo uwezo wa kumeza hupimwa kwanza, mgonjwa hakai na chakula tumboni kwa saa 6 hivi, na baada ya kipimo hali wala hanywi mpaka ganzi ya koo iishe.

Kipimo hakifanyiki ikiwa umio umetoboka au umeziba. Mishipa iliyovimba umioni, ambayo huweza kuletwa na kichocho cha tumbo au ugonjwa wa ini, inapaswa kutajwa kwa daktari mapema.

Nchini Tanzania

Hospitali maalumu ya moyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam. Kutoka Usoke, kata ya wilaya ya Urambo katika mkoa wa Tabora, safari ya kufika huko inazidi kilomita 800. Kwa sababu hiyo ni muhimu kujua kama majibu yatabadilisha matibabu. Kwa mfano, kipimo cha umeme wa moyo kikishaonyesha mapigo yasiyo na mpangilio, mara nyingi dawa za kuzuia damu kuganda huamuliwa bila kupitisha mrija.