Ngazi za Uluguru na udongo uliofukiwa

Leo tupande milimani kidogo. Ukimwuliza kijana wa mjini habari za kupigania uhuru atakutajia TANU, 1954, Mwalimu na safari ya Umoja wa Mataifa, basi. Udongo hautaji. Lakini kule Uluguru, Morogoro, watu walipambana na serikali ya mkoloni kwa ajili ya inchi chache za udongo mweusi, na kwa maoni yangu wao ndio walioujua udongo ule kuliko mabwana shamba.

Tuwe wakweli, Waingereza hawakukurupuka tu. Milima ya Uluguru ndiyo inayoujaza mto Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na shamba likiwa tupu maji hushuka na udongo. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1950 hivi ukaja mpango wa matumizi ya ardhi, na dawa yake kubwa ilikuwa moja: kila mlipa kodi achimbe matuta ya ngazi. Bila malipo. Asiyechimba, faini.

Tatizo likaanzia hapo kwenye jembe. Shamba la mlimani si udongo mmoja toka juu mpaka chini. Juu kuna tabaka jembamba, jeusi, lenye majani yaliyooza, minyoo na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Karibu naitrojeni yote ya mmea inatoka humo, maana vijidudu hivyo ndivyo vinavyoozesha mabaki na kuyageuza kuwa chakula ambacho mizizi inaweza kukinyonya. Chini yake kuna udongo mwekundu, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Mara nyingi ni mchachu, na fosforasi kidogo iliyomo imeshikiliwa na madini ya chuma kiasi kwamba mmea haubanduki nayo.

Sasa ukichimba ngazi kwa haraka unakata mlima na kumwaga udongo mbele. Mweusi unafukiwa, mwekundu unabaki juu. Ukipanda mahindi hapo yataota, maana punje ina akiba yake. Akiba ikiisha ndipo utaona: majani ya chini yanakuwa njano, mengine yanaingia rangi ya zambarau, bua linakuwa jembamba, gunzi halina kitu. Fundi mwangalifu hutenga kwanza ule mweusi pembeni, akimaliza anaurudisha juu. Hiyo ni kazi mara mbili, na mtu aliyeletwa kwa faini hawezi kukufanyia.

Waluguru waliyaona mavuno ya kwenye ngazi wakasema wazi kwamba ni mabaya. Wakaambiwa ni wabishi, wavivu, wanashikilia mila. (Lugha hii naisikia hadi leo kwenye warsha nyingi za kilimo, ila siku hizi wanasema "kubadili mtazamo".) Mwezi Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, ikapata wafuasi bila jasho jingi.

Kilichonivutia zaidi ni cha baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi kwenye milima ileile, eneo la Kibungo. Wakulima walipanda miti na kuchimba ngazi, nyingine zilezile za mtindo wa mkoloni, ili kuzuia tope lisiingie mtoni. Tofauti ni kwamba safari hii walilipwa, na miongoni mwa waliotoa fedha ilikuwa DAWASCO, kampuni iliyokuwa ikiwauzia maji watu wa Dar.