Macho ya njano kwa mtoto: lini kamera ya nyongo inahitajika?

Mtoto wa Tlawi akiugua ini, safari yake huanzia zahanati, inafika Mbulu mjini, na pengine inaendelea hadi Haydom, KCMC Moshi au Muhimbili. Njia ni ndefu na nauli inauma. Kwa hiyo mzazi akisikia kuna "kamera" inayoingizwa kwa mdomo kufungua mfereji wa nyongo, ana haki ya kujua kama itamsaidia mwanawe kabla hajauza ng'ombe.

Jibu fupi: kwa baadhi ya watoto inasaidia sana. Kwa mtoto mchanga mara nyingi siyo tiba, na kuisubiri kunaweza kumgharimu ini lake.

Kamera inafanya nini?

Ini hutengeneza nyongo, nayo hushuka kwenye utumbo kupitia mfereji mwembamba. Kongosho pia hutoa majimaji ya kusaga chakula kupitia mfereji wake. Kwa watu wengi mifereji hii miwili inaishia kwenye kilango kimoja kidogo, mbele kidogo ya tumbo la chakula. Kitu kikiziba hapo, nyongo inarudi kwenye damu. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na kinyesi kinapauka.

Kipimo chenyewe kinaitwa ERCP. Daktari anapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi kwenye kile kilango, anaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, halafu anapiga picha. Akikuta kizuizi anaweza kukata kilango kidogo, kuvuta jiwe kwa kikapu cha waya au kwa puto, au kuacha kimrija kinachoitwa stenti ili nyongo ipite. Yote hayo bila kupasua tumbo.

Kipimo hiki kilifanyika mara ya kwanza mwaka 1968 huko Washington, Marekani. Kukata kilango kulianza mwaka 1974, Japani na Ujerumani. Kwa watoto kilikuja baadaye kidogo, na mpaka leo wanaokifanya kwa watoto ni wachache kila mahali duniani. Mtoto mwenye zaidi ya kilo 10 kwa kawaida anaweza kutumia mpira uleule wa watu wazima. Aliye chini ya hapo anahitaji mwembamba zaidi, wa kama milimita 7.5, na huo hospitali nyingi hazina. Tena mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, kwa hiyo lazima awepo mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto.

Na ina hatari zake. Kubwa ni kongosho kuvimba baada ya kuguswa, jambo linalowapata watoto wachache kati ya kila 100. Damu, maambukizi na kutoboka utumbo hutokea mara chache zaidi. Ndiyo maana siku hizi haifanywi kwa ajili ya kuangalia tu. Kuangalia ni kazi ya altrasaundi, na pale ilipo, MRI. Kamera inaingia kukiwa na kitu cha kutoa au cha kufungua.

Mchanga: hesabu siku

Watoto wengi huwa njano kidogo wiki ya kwanza, kisha inaisha. Shida ni yule ambaye amepita siku 14 na bado macho ni ya njano. Huku kwetu wengi huambiwa wamwanike juani asubuhi. Jua haliwezi kufungua mfereji ulioziba, na wiki zinapita mama akiendelea kuanika.

Angalia nepi. Kinyesi cheupe, cha kijivu au cha rangi ya udongo mkavu kwa mtoto mwenye macho ya njano ni dharura, hata kama ananyonya vizuri na ameongezeka uzito. Inaweza kuwa mifereji ya nyongo haikuumbika vizuri au imeharibika. Kamera haiwezi kuirekebisha. Tiba ni upasuaji uliobuniwa na daktari Morio Kasai wa Japani miaka ya 1950, ambapo utumbo unaunganishwa moja kwa moja na ini. Matokeo ni mazuri zaidi ukifanyika kabla ya siku 60. Kwa hiyo zahanati wakikuambia "rudi baada ya mwezi", omba kwa upole barua ya rufaa siku hiyohiyo, na utaje rangi ya kinyesi.

Mkubwa kidogo: mawe, minyoo, kuumia

Hapa ndipo kamera ina kazi. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, na damu inayovunjika kila siku hutengeneza mawe kwenye kifuko cha nyongo. Jiwe likishuka likakwama kwenye mfereji, mtoto anapata maumivu makali upande wa kulia juu, homa na macho ya njano. Mzazi wa mtoto wa selimundu amezoea macho kuwa njano kidogo, na mazoea hayo yanaweza kumponza. Ikiongezeka ghafla pamoja na maumivu na homa, usiseme "ni kawaida yake".

Minyoo mirefu ya tumboni nayo huweza kupanda ikaingia mferejini. Altrasaundi huionyesha vizuri. Mingi hutoka yenyewe kwa dawa na uangalizi; ile iliyonasa ndiyo huvutwa kwa kamera.

Kuna mwingine ambaye wafugaji wanamjua kutoka machinjioni: mnyoo bapa wa ini. Huyu huishi ndani ya mifereji ya nyongo ya ng'ombe na kondoo, na binadamu pia. Mwaka 2015 watafiti walichapisha taarifa za watu waliokutwa nao mkoani Arusha, si mbali na sisi. Mayai hutoka na kinyesi cha mnyama, yanapitia konokono wa majini, kisha vimelea hujishikiza kwenye majani ya kandokando ya maji. Mtoto anayechunga ziwani au kwenye kijito, akatafuna majani mabichi au kunywa maji palepale, anaweza kuumeza. Kula maini yenye mnyoo hakuambukizi, ila mayai yake yanaweza kuonekana kwenye choo na kumchanganya mtu wa maabara, kwa hiyo mwambie kama mmekula maini wiki hiyo. Dawa yake ipo, ni ya kumeza, na kamera hutumika pale tu mnyoo umeziba mfereji. Ile ya mifugo usimpe mtoto kwa kukisia. Dozi hupimwa kwa uzito na daktari.

Kongosho yenyewe mara nyingi huharibika kwa kuumia: usukani wa baiskeli kumchoma tumboni, au teke la punda. Maumivu yanayopenya hadi mgongoni na kutapika, hata siku moja au mbili baada ya ajali, yanahitaji hospitali. Mfereji wa kongosho ukiwa umepasuka, stenti wakati mwingine huokoa upasuaji.

Kwenye choo cha shimo huwezi kuona rangi ya kinyesi. Mtoto mkubwa mwenye macho ya njano ajisaidie kwenye kopo hata mara moja. Piga picha kwa simu, mchana, umwonyeshe daktari.

Kabla na baada ya safari

Kuwa na mashine ya kamera siyo sawa na kuifanya kwa mtoto. Mwombe daktari wa Mbulu au Haydom apige simu huko unakopelekwa, aulize: mnafanya kwa mtoto wa kilo hizi? Daktari yupo lini? Bima inalipa kipi? Nenda na majibu yote ya altrasaundi na damu, usiyaache kabatini.

Baada ya kipimo mtoto hukaa bila kula kwa saa kadhaa na huangaliwa. Maumivu makali, kutapika, homa au choo cheusi ni sababu ya kurudi mara moja, hata usiku.

Akiwekewa stenti, uliza itatolewa tarehe ngapi, uandikiwe kwenye kadi. Stenti ya plastiki kwa kawaida haipitishi miezi mitatu bila kutolewa au kubadilishwa, kwani huziba na kuleta maambukizi makali ya mifereji ya nyongo. Mtoto aliyepona, anayecheza na kwenda shule, ndiye anayesahaulika kirahisi. Nauli ya safari hiyo ya pili itengwe kabla hamjaondoka hospitali.