Maji ya klorini yaliyookoa wazazi wa Vienna

Harufu ya jiki sisi hutukumbusha mashuka meupe ya biharusi, kumbe klorini iliyomo iliwahi kuokoa roho za wanawake wengi.

Hospitali kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Kwa wakunga kulikuwa na nafuu. Kwa madaktari na wanafunzi wao, homa ya uzazi iliua wazazi hata wengine wakapiga magoti wasilazwe huko. Mwaka 1847 Daktari Ignaz Semmelweis akaona sababu: madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha! Sisi tuliozoea udhu, hilo linatusisimua mwili. Akawaamuru waoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili walikufa wazazi 18 katika kila 100. Juni, kama 2 tu.

Alichagua klorini kwa kuwa iliondoa harufu ya maiti. Habari za vijidudu hakuwa nazo. Leo tunajua klorini huharibu ngozi ya kijidudu na protini zake, kikafa.

Wakubwa wengi walimpinga. Nani akubali kuwa mikono yake ndiyo iliyoua? Alifariki 1865, na miaka miwili baadaye Joseph Lister akaandika jinsi asidi ya kaboliki inavyozuia vidonda kuoza.