Milembe: hospitali iliyogeuka jina la ugonjwa

Kaa nusu saa kwenye kibaraza cha duka lolote Barabara ya Mukendo, hapa Musoma mjini, utalisikia. Mtu kataja bei ya samaki isiyoingia akilini, mwenzake anamjibu: "Wewe ni wa kupelekwa Milembe!" Watu wanacheka, biashara inaendelea. Aliyesema huenda hajawahi kukanyaga Dodoma, na hospitali yenyewe huandikwa Mirembe, kwa r, lakini hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Ng'ambo ya ziwa, kwa Waganda, mirembe ni amani. Kwetu ni tusi.

Ugonjwa unaowapeleka wengi huko una jina lisilosikika kabisa Mukendo: skizofrenia. Majina tuliyonayo ni kichaa, chizi, mwehu, mwendawazimu; Wajaluo wa Rorya humwita mgonjwa janeko. Wazimu ni ndugu wa neno mzimu, na humo ndani mna uamuzi wa zamani juu ya chanzo: aliyepatwa ameingiliwa.

Wazungu nao walihangaika na jina. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Emil Kraepelin aliamini kwamba ugonjwa huu ni akili ya kijana kuzeeka kabla ya wakati, akaupa jina la maana hiyo. Mwaka 1908 daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, aliona wapo wanaopata nafuu, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kupasuka na akili. Jina lake lilishinda, ila likaacha kasoro: mpaka leo wako wanaodhani mgonjwa ana watu wawili ndani yake. Sivyo. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwa dhati kwamba jirani anamfuatilia au redio inamsema yeye, maneno yake hayashikamani, na polepole hujitenga na kuacha hata kuoga. Mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na ishirini na kitu, wakati ukoo umeshauza ng'ombe kumsomesha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 24 duniani, mmoja kwa kila watu 300 hivi.

Nchini mwetu historia ya tiba yake inaanzia milimani. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Lutindi, Usambara, kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kituo hicho kikageuzwa makao ya wagonjwa wa akili. Kipo hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa wake hulima chai. Waingereza walipochukua nchi walijenga Mirembe, iliyoanza 1927. Jirani yake ikawepo Isanga, ya wagonjwa waliotenda makosa ya jinai, na nadhani hapo ndipo hofu ilipozaliwa: gereza na hospitali vikachanganyika vichwani mwa watu.

Sasa piga hesabu ukiwa Mukendo. Dodoma iko zaidi ya kilomita 700. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo mgonjwa wa mkoa wetu wa Mara angeshuka ziwani kwa meli hadi Mwanza, kisha apande treni kupitia Tabora. Nani angemsindikiza mtu anayepigana na sauti kichwani safari ya namna hiyo, na nani angekwenda kumjulia hali? Ndiyo maana siwalaumu wazee wetu waliokimbilia kwa mganga. Mganga alikuwa kijiji cha pili, daktari alikuwa nchi nyingine. Wengine walifungwa kamba nyumbani, kwa sababu kamba ndiyo dawa pekee iliyokuwepo.

Hata hospitalini dawa haikuwepo. Ilipatikana Paris mwaka 1952, pale Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa wagonjwa wao klorpromazini, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa watu wa kufanyiwa upasuaji. Sauti zilipungua. Haloperidoli ikafuata 1958, halafu sindano ya flufenazini inayodumu wiki kadhaa mwilini. Mwaka 1977 dawa zote tatu zilikuwamo kwenye orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zina karaha zake: mikono hutetemeka, misuli hukakamaa, na mgonjwa akiona hivyo huziacha. Ndugu hukata tamaa wakidhani dawa imeshindwa, kumbe imeachwa.

Lakini sindano ya mwezi ilibadili jambo moja kubwa: mgonjwa aliweza kutibiwa akiwa kwao. Baada ya uhuru wodi ya akili ilifunguliwa Muhimbili, vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa, na katika miaka ya 1980 huduma ikaanza kushushwa mikoani, Morogoro na Kilimanjaro zikitangulia. Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, na leo ina idara ya magonjwa ya akili, kilomita zipatazo 220 kutoka hapa. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 nayo ilichukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni. Na Kwangwa, hapahapa Musoma, pana hospitali ya rufaa ya mkoa yenye jina la Mwalimu Nyerere.

Kilomita zimepungua, maneno yamebaki yaleyale. Kwa hiyo ukimwona mwanao anabishana na asiyeonekana, mpeleke wiki hiyohiyo, usisubiri avunje kitu. Na ukifika mapokezi usiseme umeleta wa Milembe. Sema sauti zilianza lini, amekosa usingizi siku ngapi, anavuta bangi au havuti, na kama yupo mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo. Daktari anaanzia hapo.