Nargis, mama aliyekataa kuhama kijiji

Kila Mto Tana unapofurika na mpunga wetu hapa Kilelengwani kuzama, mimi humkumbuka Nargis. Jina lake la kuzaliwa ni Fatima Rashid, mzaliwa wa Calcutta, 1929. Alianza kuigiza akiwa mtoto, akavuma na Raj Kapoor katika Awaara (1951), filamu iliyopendwa sana mwambao huu. Katika Mother India (1957) yeye ni Radha: mafuriko yaliharibu mashamba, mla riba akamnyonya, lakini aliwasihi wanakijiji wasihame. Mwanawe alipomteka binti wa watu, alimpiga risasi kwa mkono wake. Haki haikujali damu. Funzo hilo sisi wa Delta tunalihitaji. Nargis alifariki kwa saratani, 1981. Mwenyezi Mungu amrehemu.