Mzigo Usioonekana
Injini ilikuwa imezimwa nilipoanza kulegeza nati ya bomba la ekskaveta. Fundi mkuu akanidaka mkono: "Mdogo wangu, umeshusha presha?" Nilidhani mashine iliyozimwa imelala.

Baadaye nilimsoma William Armstrong, mwanasheria wa Newcastle aliyegeukia uhandisi. Kreni zake ziliendeshwa kwa presha ya maji. Bandarini Grimsby, Uingereza, presha hiyo ilitoka kwenye mnara wa takriban mita 94, uliokamilika 1852. Lakini New Holland, kando ya Humber, ardhi ya mchanga isingeubeba mnara. Armstrong akasimamisha silinda, akaweka mzigo mzito juu ya pistoni yake. Pampu iliyasukuma maji yakauinua mzigo. Nao ukayakandamiza hata pampu iliposimama. Hiyo ndiyo akyumuleta.

Siku hizi mzigo ni naitrojeni iliyobanwa ndani ya chupa ya chuma. Oksijeni ni mwiko: ikikutana na mafuta hulipuka. Sasa nashusha ndoo ardhini, nazima injini, natoa presha ya mafuta, nasoma geji, ndipo nashika spana. Na chupa yenyewe siifungui kabla ya kutoa gesi, maana hata mafuta yakitulia, gesi bado imo.

Mzigo wa Armstrong kila kibarua aliuona. Wangu nausoma kwenye geji.